Mama Mkwe Lazima Akae

Jumatano, 11 Oktoba

Tumefika. Nchi ya watu, baridi ya watu. Nyumba tuliyopanga iko ghorofa ya kwanza, vyumba vitatu na jiko dogo kama kabati. Ngazi zinalia ukizikanyaga. Mama mkwe tumempa chumba chenye dirisha kubwa. Akasema ni kikubwa mno kwa mtu mmoja, akauliza jiko liko wapi.

Sijavua hata koti, yeye amekwisha kukunja mikono ya gauni. Akatoa kisu chake kwenye sanduku. Kisu! Kimevuka mipaka kikiwa ndani ya soksi. Tukala, tena tukala vizuri. Yeye alikula amesimama kando ya sinki, mgongo kwetu, sahani mkononi, masikio yakiwa wima kusikiliza nani anataka kuongezewa.

Ndivyo alivyo. Tangu nimwoe binti yake sijapata kumwona ameketi mbele ya chakula. Kwenye harusi yangu alikula nyuma ya turubai, karibu na masufuria, huku watu wakimtafuta kwa ajili ya picha.

Sahani zilipokwisha kuoshwa (na nani, si vigumu kukisia), mke wangu akatangaza. Jumamosi ni sikukuu kubwa hapa. Jioni hiyo jiko litafungwa. Mama atatoka, ataketi, atahudumiwa mwanzo hadi mwisho, na hatainuka hata mara moja. Akasema utoto wake wote, wakati wa kula, alikuwa akiona mgongo wa mama. Sasa anataka kuona uso. Ndiyo sababu ya safari hii nzima, akasema, si makumbusho wala nini. Mama mkwe akamwambia aache maneno, halafu akauliza nani anataka chai.

Nikasimama. Nikasema kazi ya kuchagua mgahawa niachiwe mimi. Mtu aliyeandika makala gazetini nusu ya umri wake, akapambana na mamlaka ya maji hadi mamlaka ikaomba poo, hatashindwa na mgahawa!

Kumbe Bwana Nyota alikuwa ameshatoa simu. Huyu ni mume wa shemeji yangu, yaani mdogo wake mke wangu. Nimempa jina hilo kwa sababu hanunui hata kiberiti bila kuangalia kimepewa nyota ngapi mtandaoni. Akasema hakuna haja ya kuhangaika. Mgahawa bora wa mtaa mzima uko hapa hapa chini yetu, ule wenye mlango wa kijani. Nyota karibu tano.

Chini yetu! Turuke juu ya mawingu, tupigwe mihuri, tupekuliwe viatu, halafu tushuke ngazi tukale! Nikamweleza kwamba nyota ni udikteta wa watu wasiojua kutafuna. Nikaeleza kwa kirefu. Nilipomaliza, wote walikuwa wamekwenda kulala isipokuwa mama mkwe, ambaye alisema nimeongea vizuri sana na akaniuliza kama nimeshiba.

Alhamisi, 12 Oktoba

Asubuhi tulimfanyia mama mkwe mazoezi. Tukampeleka kwenye kibanda cha kahawa barabarani, tukamketisha katikati ili asipate njia. Akakaa. Nikaanza kupumua. Mhudumu alipokuja kuchukua vikombe, mama alikuwa ameshavipanga, amefuta meza kwa leso yake, na kabla hatujajua amepitaje, yuko nyuma ya mhudumu anaelekea ndani kumsaidia. Shemeji ndiye aliyemtoa. Mama akajitetea kwamba yule binti wa watu alionekana amechoka.

Nikamtazama mke wangu. Alikuwa anachezea kijiko. Naujua ukimya huo.

Basi nikaanza kazi. Nadharia yangu ni hii, na nimewahi kuiandika: chakula cha kweli kiko wanakokula wafanyakazi. Si wanakokula watalii, wala wanakopiga picha za vikombe. Mchana nikasimama kona nikisubiri. Wakapita wanaume watatu wenye ovaroli, mikono myeusi kwa grisi, mwendo wa watu wanaojua waendako. Nikawafuata. Uchochoro, ua, uchochoro mwingine. Wakaingia mlango usio na kibao. Usio na kibao! Mahali pazuri hapajitangazi.

Ndani meza ndefu, mvuke, kelele za vijiko. Nikachukua sinia kama wao, nikapanga foleni kama wao. Supu nzito ya maharagwe, mkate mweusi. Kuzimu na mbinguni, supu gani ile! Nikamwita mwenye upawa, nikamwomba meza ya watu watano kwa Jumamosi jioni, mahali tulivu, kiti kimoja kiwe na mto kwa ajili ya mama yangu mkwe.

Akaniuliza ninaendesha basi namba ngapi.

Ilikuwa kantini ya karakana ya mabasi. Msimamizi akaitwa. Mtu mpole, mnene, akanishika bega na kunisindikiza hadi getini, akaniambia nikitaka kazi ya udereva niende ofisi ya mbele na cheti cha macho. Nyuma yangu watu walikuwa wanagonga meza kwa kucheka.

Jioni nikawaambia nyumbani kwamba nimepata supu bora ya mji huu, ila wenyewe hawapokei wageni siku za sikukuu. Kila neno la kweli.

Bwana Nyota akasema ule wa chini bado una nafasi.

Ijumaa, 13 Oktoba

Mambo yameharibika. Wakati wa chai Bwana Nyota aliitisha kura. Shemeji upande wake, sawa, ni mumewe. Mke wangu naye upande wake! Nikamwuliza kwa nini. Akajibu kwamba yeye hajali watakula nini, hata wakipewa mchanga. Anachotaka ni kiti, na mama juu ya kiti. Mlango wa kijani upo karibu na miguu ya mama haitachoka. Nikageukia kura ya mwisho. Mama mkwe akasema yeye anaona mayai yapo, viazi vipo, ya nini kusumbua watu na sikukuu yao.

Bwana Nyota akasema ataweka nafasi jioni akirudi matembezini. Akasema hivyo huku akinipigapiga mgongoni. Mimi! Mgongoni!

Wakatoka. Nikabaki, nikasingizia tumbo. Nikaingia bafuni, maana ndiko mtandao unakoshika. Nikaketi ukingoni mwa beseni la kuogea na kuufungua ukurasa wa Mlango wa Kijani.

Naandika haya kwa dhamiri safi. Sikwenda kusema uongo. Nilishapita pale dirishani, nikachungulia. Niliona vya kutosha. Mwandishi hahitaji kuonja kila kitu. Wengine tunaona kwa akili. Nikaanza na vitambaa vya meza, ambavyo nilivielezea kuwa vyeupe kwa namna ya kiburi. Nikahamia kwenye taa, zinazoning'inia kama watu waliokata tamaa. Nikaishambulia supu. Nikamshambulia mpishi kwa kuidharau supu. Nikauliza, narudia tena, nikauliza ni lini sahani iligeuka kuwa silaha dhidi ya mnyonge. Aya sita! Mkono ulikuwa unakimbia wenyewe. Sijaandika vizuri namna ile tangu enzi za mamlaka ya maji. Nyota moja.

Kisha nikatia jina langu. Jina kamili, na chini yake “mwandishi wa makala za kila wiki”, na ile picha yangu niliyokunja mikono. Najua mwingine angejificha. Lakini nimeandika maisha yangu yote dhidi ya watu wasiotia sahihi. Kujificha ni uoga. Tena ingekuwa hasara, maandishi mazuri vile yakose mwenyewe.

Jioni, matunda! Watu chungu nzima wamekubaliana nami. Mmoja kasema alikuwa ameweka meza ya sikukuu na sasa ameifuta. Mwingine kasema amelia. Kalamu!

Bwana Nyota akafungua simu ili aweke nafasi. Nikamwona uso unashuka. Akatusomea kwa sauti, aya kwa aya, akapunguza mwendo penye taa. Nilitazama sakafu. Ni kweli pale penye taa panagusa. Akasema hapana, mahali hapa hapafai kabisa kumpeleka mama. Huyu bwana husoma nyota tu, jina la aliyeandika halitazami kamwe. Nilikuwa nimelitegemea hilo.

Mke wangu akaomba aione simu. Akasoma kimya. Akanitazama. Akasoma tena. Akasema mtu huyu anayesema “narudia tena” anamkumbusha mtu fulani. Nikasema ni usemi wa kawaida. Akarudisha simu, akaenda kuweka viatu vya mama karibu na joto, vile vipya alivyomnunulia kwa ajili ya kesho. Kesho isiharibike, akasema. Ni hilo tu. Hakunitazama aliposema.

Nikamwahidi. Mgahawa ninao tayari. Upo kwenye kitabu cha msafiri mmoja nilichokisoma nikiwa kijana, nimekihifadhi hadi leo: nyumba ya mawe ng'ambo ya mto, mwenyeji anatembea kati ya meza akimwuliza kila mtu habari za kwao. Mahali pa kumkalisha mama! Sikupiga simu. Mahali pa namna ile hapapigiwi simu.

Jumamosi, 14 Oktoba

Naandika mikono ikinuka sabuni ya vyombo. Nianze mwanzo.

Tulitoka jioni, taa zimeshawashwa. Mama mkwe kavaa gauni la rangi ya zambarau lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe, na viatu vipya. Shemeji alimpaka mafuta ya midomo. Alikuwa mzuri, niseme ukweli, na alikuwa anaona haya kwa uzuri wake. Manyunyu yakaanza tukiwa darajani. Nikasema ni baraka. Wenzangu wakafunga vifungo vya makoti.

Nyumba ya mawe tuliipata. Ni ile ile, kama ilivyo kitabuni, hata mzabibu ukutani. Mlangoni kuna bango la jino. Jino kubwa, jeupe, linatabasamu. Ni kliniki ya meno. Imefungwa kwa sikukuu.

Bwana Nyota akauliza kitabu changu kiliandikwa mwaka gani. Nikasema vitabu vizuri havina mwaka. Akaomba akione. Akafungua ukurasa wa mwanzo, akaupeleka kwenye mwanga wa bango, akacheka peke yake. Akasema mwandishi aliyekula hapa atakuwa alikuja kwa meli ya makaa. Shemeji akamwambia anyamaze. Naye akanyamaza, lakini mabega yaliendelea kucheka.

Tukatembea. Kila mahali ama pamefungwa, ama pamejaa watu wanaogonganisha glasi. Mlangoni pa mgahawa mmoja walitutikisia kichwa kabla hatujafungua midomo. Mama mkwe akaanza kuchechemea. Viatu. Alipoona tunamtazama akanyoosha mguu na kutembea sawasawa, jambo lililoniuma kuliko kuchechemea kwenyewe. Kisha akasema, kwa furaha kabisa, kwamba mayai yapo. Turudi tu, atatukaangia mara moja, tule moto moto, sikukuu ni watu.

Niliuona uso wa mke wangu. Hakuwa amekasirika. Laiti angekasirika! Alikuwa amekubali. Alimshika mama mkono na kusema haya mama, twende.

Tukarudi hadi mtaa wetu. Na pale chini ya ngazi zetu taa zinawaka, zile zile nilizosema zimekata tamaa. Mlango wa kijani uko wazi. Mwenye mgahawa amesimama kizingitini amekunja mikono, mama mmoja mpana, nywele kazifunga kitambaa. Nyuma yake meza tupu, tupu, tupu, na wazee wawili, mume na mke, kwenye kona.

Bwana Nyota akanong'ona kwamba unaona, watu wamesikia maonyo. Mimi nilikuwa natafuta namna ya kutembea nikiwa nyuma ya shemeji.

Haikusaidia. Yule mama akanitazama. Akatoa simu mfukoni, akanyoosha mkono hadi usoni kwangu, akalinganisha. Picha, mimi. Mimi, picha. Akaniambia nikunje mikono. Nikaikunja! Sijui kwa nini niliikunja. Akasema ndiye.

Sasa Bwana Nyota naye akainamia ile simu na kusoma jina. Sitaandika alichosema. Shemeji alisema “shemeji!” mara moja tu, kwa sauti ndogo. Mke wangu hakushangaa, maana alikuwa anajua tangu jana.

Yule mama akasema kwa upole wa kutisha kwamba meza zake karibu zote zimefutwa, na kwa kuwa hakuna wateja amemruhusu mhudumu wake akale sikukuu na watoto wake. Hawa wanne wanakaribishwa. Mimi, hapana. Mama mkwe akasema kama mkwe wake anabaki nje kwenye mvua basi na yeye hali, anapanda juu kukaanga mayai. Akageuka kabisa, mkono kwenye reli ya ngazi.

Hapo nikasema. Naapa sikupanga kusema. Nikamwomba yule mama asinipe kiti. Anipe chochote, lakini mama huyu akae. Nikamweleza habari ya sinki, na mgongo, na turubai la harusi. Bila aya. Bila “narudia tena”.

Akaingia ndani, akarudi na aproni, akanitupia kifuani. Akasema mhudumu nimemfukuza mimi, basi na kazi yake ni yangu.

Wakaketi. Mama mkwe akaketi ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri basi. Mkate ulipofika tu akainuka ili augawe. Yule mwenye mgahawa akapaza sauti toka jikoni kwamba kwake mgeni hainuki, na mkono ukatokea kwenye dirisha la jikoni na upawa juu. Mama akakaa. Akainuka tena nusu, akitafuta njia ya kupita. Ndipo nikatoka mimi jikoni, aproni imenifika kifuani, sahani mbili za supu mikononi na ya tatu nimeiegemeza tumboni, ulimi nje kwa kukaza akili.

Mama mkwe akaniona. Akakaa. Akaegemea hadi mgongo ukagusa kiti. Akaanza kucheka.

Hakuinuka tena. Nani angeinuka! Nilimsahau mzee wa kona akiwa na chumvi mkononi. Niliwashauri yeye na mkewe wasichukue samaki, nikawapa sababu, wakachukua samaki. Supu ya Bwana Nyota ilimwagika kidogo kwenye suruali yake, bahati mbaya, meza ilikuwa na mguu mfupi. Kila nikipita mama mkwe ananiagiza. Baba, maji. Baba, uma huu una doa. Baba, huyu samaki mwambie mpishi ameiva vizuri, na uniletee mwingine. Alikula taratibu, mbele ya watu, akitafuna huku anaongea, akituhadithia mambo ya ujana wake ambayo binti zake hawajapata kuyasikia, kwa kuwa siku zote alikuwa upande wa sinki.

Nikipeleka vyombo nilimwona mke wangu. Hakuwa anakula. Alikuwa ameweka kidevu mkononi, anamtazama mama yake usoni.

Supu niliionja jikoni, mabaki ya chini ya sufuria. Sitaandika chochote kuhusu supu ile.

Jumapili, 15 Oktoba

Yule mama wa chini alipanda mwenyewe asubuhi kudai yale maneno yafutwe. Mke wangu aliniletea simu kitandani na kusimama pale pale.

Nikakubali, mtu mzima hukubali. Lakini kufuta ni kuchoma kitabu! Nikapendekeza sahihisho. Nimeandika: “Wakosoaji wangu wamenishurutisha kurejea suala la taa.” Limekuwa refu kidogo kuliko la kwanza. Katika aya ya nane natoa nyota tano. Mke wangu akasoma mstari wa mwanzo, akachukua simu, akabonyeza mahali, na zote mbili zikapotea. Makala mbili!

Mama mkwe hakuingia jikoni leo. Aliamka, akaketi mezani, akaweka mikono juu ya meza, akasubiri. Tukatazamana sote. Mwishowe akaniita.

Jumatatu, 16 Oktoba

Uwanja wa ndege. Ndege imechelewa.

Nimepata nafasi ya kulitafakari jambo lote bila jazba, na ukweli uko wazi. Kama nisingeandika, mgahawa ule ungejaa. Ungejaa, tungekosa meza. Tungekosa meza, tungekula mayai. Kwa hiyo nani aliyemkalisha mama? Nimemweleza Bwana Nyota hatua kwa hatua. Amehamia benchi la mbali na simu yake, anatafuta mahali pa kula hapa ndani penye nyota nyingi. Amepapata. Pale kwenye kona, penye viti vya bluu.

Nimepachungulia kwa mbali. Inatosha. Viti vile vina unafiki fulani. Aya ya kwanza imekamilika, ya pili inakuja yenyewe, na jina langu kamili liko chini pamoja na picha mpya. Shemeji ndiye aliyeipiga Jumamosi. Nimevaa aproni. Inanipa uzito wa mtu anayeijua kazi.

Mke wangu amelala begani kwangu. Mama mkwe ameketi kushoto, miguu ameinyoosha, viatu amevivua. Ameninyooshea kikombe kitupu bila hata kugeuza kichwa.

Nakuja, mama. Nimalizie kwanza sentensi hii kuhusu chai yao, ambayo sijainywa.